Mfanyakazi Akiuawa kwa Risasi ya Polisi, Nani Atawalisha Watoto Wake?



Katika madarasa ya jioni ya matawi yetu swali moja hurudi mara kwa mara, hasa kutoka kwa wenzetu wa mashambani. Polisi wakiitwa kwenye mgomo, risasi ikapigwa, mwenzetu akafa, je, mjane wake aende wapi? Wengi hujibu upesi kwamba askari aliyeua akamatwe na afungwe. Hilo ni neno la haki, wala hatulipingi. Lakini mjane hakuuliza nani afungwe. Ameuliza watoto watakula nini, na karo italipwa na nani mwezi ujao.

Kwa kawaida ukurasa huu wa nchi jirani huleta habari za vyama vya wafanyakazi vilivyo karibu nasi. Leo tunasafiri mbali kidogo, hadi Afrika ya Kusini, kwa sababu huko mambo yote ya swali hili yalitokea hadharani, yakachunguzwa, yakaandikwa, na fedha zikalipwa. Somo linaonekana vizuri zaidi pale lilipoandikwa. Baadaye tutarudi kwetu.

Milango miwili

Polisi wakiua mtu, sheria ina milango miwili, na kila mmoja una kazi yake.

Mlango wa kwanza ni shauri la jinai. Hapo serikali ndiyo inayoshitaki, kwa mkono wa mwendesha mashitaka wake. Familia haina mamlaka juu ya shauri hilo; ni shahidi tu. Mwendesha mashitaka akikaa kimya mwaka mzima, familia nayo itakaa mwaka mzima. Tena hatia lazima ithibitishwe pasipo shaka yoyote ya maana, na lazima ijulikane ni askari gani hasa aliyepiga risasi ipi. Pale askari 50 walipofyatua bunduki kwa pamoja, jambo hilo ni gumu mno.

Mlango wa pili ni shauri la madai. Hapa mwenye shauri ni familia yenyewe. Wanaodai ni mjane, watoto, na wazazi waliomtegemea marehemu. Wanaodaiwa kwa kawaida ni serikali yenyewe, kwa jina la waziri anayehusika au la Mwanasheria Mkuu, kwa sababu mwajiri hujibu makosa ambayo mtumishi wake ameyafanya akiwa kazini. Kanuni hii wafanyakazi tunaifahamu vizuri: dereva wa kampuni akimgonga mtu kwa lori la kampuni, kampuni hulipa. Polisi naye ni mtumishi, na bunduki yake ni kifaa cha kazi alichopewa na mwajiri.

Kipimo cha ushahidi nacho ni chepesi zaidi. Fikirini mizani ya karani anayepima majani ya chai. Katika shauri la madai yatosha upande wako uzidi kidogo tu, sindano ikaegemea kwako. Wala hulazimiki kumtaja askari kwa jina na namba. Yatosha kuonyesha kwamba risasi ilitoka kwa polisi waliokuwa kazini. Baada ya hapo inakuwa kazi ya polisi kueleza kwa nini walipiga, na kwamba hapakuwa na njia nyingine ya kuokoa maisha. Kanuni ambazo Umoja wa Mataifa ulizipitisha Havana mwaka 1990 zinasema hivyo wazi: silaha ya moto haiwekwi katika kazi ya kutawanya watu, ni ya kumzuia mtu anayehatarisha maisha ya wengine, tena pale njia nyepesi zimeshindikana.

Yaliyotokea Marikana

Marikana ni mji wa machimbo ya platinamu karibu na Rustenburg. Mwezi Agosti 2012 waendesha mashine za kutoboa miamba katika mgodi wa kampuni ya Lonmin waligoma. Walidai mshahara wa randi 12,500 kwa mwezi. Wengi wao walisema kinachowafikia mkononi hakifiki nusu ya fedha hizo. Mgomo haukufuata taratibu za sheria ya kazi, na chama kikubwa cha wachimbaji hakikuuunga mkono. Wagomaji walikusanyika juu ya kilima cha mawe wakiwa na mikuki, mapanga na rungu, wakasema hawashuki mpaka mwajiri aje aseme nao.

Hatutaficha lililotangulia. Kati ya tarehe 12 na 14 Agosti watu 10 waliuawa: walinzi 2 wa kampuni, askari polisi 2, wafanyakazi ambao hawakugoma, na wagomaji 3. Wajane wa askari wale na wa walinzi wale ni wajane kama wengine. Tunalitaja kwa sababu katika shauri lo lote la namna hii serikali italitaja kwanza, na msomaji anapaswa kujua kwamba jibu lipo. Kosa la mtu wa Jumatatu haliwi kibali cha kumpiga risasi mtu mwingine Alhamisi.

Alhamisi hiyo ilikuwa tarehe 16 Agosti. Polisi walikuwa wameamua mgomo uishe siku ile. Walianza kuzungusha seng'enge, wagomaji wakaanza kushuka kilimani, na karibu na zizi la ng'ombe kikosi chenye bunduki za kijeshi kikafyatua. Wachimbaji 17 walipoteza maisha hapo, mbele ya kamera za televisheni. Dunia nzima iliona. Ambalo dunia haikuliona ni la dakika chache baadaye, kwenye kilima kidogo cha mawe kilicho mbali kidogo na pale, ambako watu walikimbilia kujificha. Huko walipigwa wengine 17. Jumla ni 34, na majeruhi 78.

Wachimbaji wapatao 270 walikamatwa. Mwisho wa mwezi ule mwendesha mashitaka akawafungulia wao mashitaka ya kuwaua wenzao 34, kwa hoja kwamba walikuwa na nia moja na watu waliosababisha polisi wapige! Kelele zilipozidi, mashitaka hayo yaliondolewa siku chache baadaye. Na mgomo? Uliisha tarehe 18 Septemba kwa nyongeza ya kati ya asilimia 11 na 22.

Tume haina mfuko

Rais Jacob Zuma aliunda tume ya uchunguzi chini ya jaji mstaafu Ian Farlam. Tume ilisikiliza ushahidi kwa muda mrefu, na taarifa yake ikatangazwa tarehe 25 Juni 2015. Ilisema mpango wa polisi ulikuwa na kasoro kubwa, na kwamba operesheni haikupaswa kuendelea siku ile. Ilishauri kwamba bunduki za kijeshi zisitumike tena katika kulinda mikutano na maandamano, na kwamba vyombo vya mashitaka vichunguze nani alikosa. Juu ya malipo kwa familia, tume haikuagiza cho chote.

Hapa wengi hukosea. Tume huundwa na serikali ili kuiambia serikali. Inaweza kusema ukweli, na ukweli ni mali. Lakini haina mamlaka ya kumwandikia mjane hundi. Familia iliyokaa nyumbani ikisubiri tume itoe fidia, siku taarifa inapotoka itakuta muda wake wa kwenda mahakamani umekwisha.

Hata hivyo tume ilikuwa na faida moja kubwa kwa wanaodai. Ililazimisha karatasi za polisi zitoke kabatini. Ilijulikana kwamba asubuhi ya siku ile, kabla ya mtu ye yote kufa, yaliagizwa magari 4 ya kuchukulia maiti, na risasi 4,000 za ziada. Ilionekana pia kwamba picha zilizopigwa na polisi wenyewe hazikukubaliana. Katika picha za awali marehemu alikuwa amelala bila silaha. Katika picha zilizofuata, maiti yule yule ana panga kando yake. Wakili wa polisi hakuweza kulikana jambo hilo mbele ya tume.

Wachimbaji waliojeruhiwa na waliokamatwa karibu wakose nafasi ya kusema. Serikali ilikuwa na mawakili wengi kwa fedha ya umma, na wao hawakuwa na kitu. Walienda mahakamani kudai walipiwe wakili na mfuko wa msaada wa sheria. Mahakama ya Katiba ilikataa kuingilia kati Agosti 2013, lakini Oktoba mwaka ule Mahakama Kuu ya Pretoria iliamuru walipiwe. Tunalitaja kwa ajili ya matawi yenye mfuko wa dharura: fungu la wakili liwekwe mapema, maana siku ya msiba hakuna muda wa kuchangishana.

Shauri la wajane

Mwaka 2015 familia za wachimbaji waliouawa, zikisimamiwa na taasisi ya mawakili wa haki za jamii, zilimdai Waziri wa Polisi. Sheria ya huko inataka mtu anayeidai serikali atoe taarifa ya maandishi ndani ya miezi 6 tangu tukio, na afungue shauri kabla ya miaka 3 kwisha. Kwa hiyo hawakuweza kungoja mpaka serikali imalize kuisoma taarifa ya tume.

Madai yao yalikuwa ya namna tatu. Kwanza, riziki iliyopotea: fedha ambazo marehemu angewatunzia. Pili, maumivu ya moyo na pengo la mzazi. Tatu, waliomba kitu kisicho na bei, yaani serikali iombe radhi.

Juu ya riziki iliyopotea serikali ilikubali kulipa bila kesi kwenda hadi mwisho. Kufikia mwaka 2021 ilikuwa imezilipa familia hizo jumla ya randi zipatazo milioni 70. Juu ya maumivu ya moyo walivutana miaka na miaka, na ulipotimia mwaka wa kumi, Agosti 2022, jambo hilo lilikuwa halijaisha. Kuhusu mlango wa kwanza, ule wa jinai, hadi mwaka huo wa kumi hakuna askari hata mmoja aliyekuwa ametiwa hatiani kwa vifo vya tarehe 16 Agosti.

Linganisheni milango hiyo miwili. Ule ambao serikali iliushika ufunguo haukufunguka. Ule ambao wajane waliushika wenyewe ulifunguka nusu.

Kampuni nayo ilifanya lake: iliahidi nafasi ya kazi kwa mtu mmoja wa kila familia, na ikaanzisha mfuko wa masomo ya watoto. Baadhi ya wajane walikubali nafasi hiyo, wakaacha vijiji vyao na kwenda kufanya kazi katika mgodi ule ule. Hatuwezi kumlaumu mtu mwenye watoto. Ila tuseme kwamba ajira ni malipo ya jasho la mjane mwenyewe, haiwezi kuhesabiwa kuwa fidia ya damu ya mumewe.

Hesabu inavyopigwa

Sehemu hii twaomba isomwe taratibu, na penseli mkononi. Riziki iliyopotea haipimwi kwa ukubwa wa kilio. Mahakama huuliza mambo matatu: marehemu alikuwa akipata kiasi gani, katika hicho, sehemu gani iliifikia familia, na angeendelea kuwatunza kwa miaka mingapi.

Tuchukue mfano tulioubuni wa mfanyakazi wa kiwanda mwenye miaka 35, ana mke na watoto. Karatasi yake ya mshahara inaonyesha shilingi 12,000 kwa mwezi. Mahakama za Kenya zimezoea kukadiria kwamba mtu wa namna hiyo huitumia familia theluthi mbili, ingawa kila shauri hutazama ushahidi wake. Theluthi mbili ni 8,000 kwa mwezi, yaani 96,000 kwa mwaka. Angeweza kufanya kazi miaka 25 zaidi, lakini jaji hapokei miaka yote. Maisha yana ajali na magonjwa, na fedha zinalipwa zote kwa mara moja. Huenda akachukua miaka 16. Basi 96,000 mara 16 ni 1,536,000.

Sasa tuseme kweli mtu huyo alikuwa akipokea 18,000, kwa sababu ya saa za ziada na posho ambazo msimamizi alimpa mkononi bila kuandika. Hesabu ingekuwa 12,000 kwa mwezi, 144,000 kwa mwaka, na kwa miaka 16 ni 2,304,000. Tofauti ni shilingi 768,000. Fedha hizo zimepotea si kwa sababu ya polisi wala ya jaji. Zimepotea katika daftari la mishahara, miaka kabla ya risasi.

Na kibarua wa shambani asiyekuwa na karatasi yo yote? Jaji atashika kima cha chini cha serikali, au atakadiria kiasi kidogo kwa jumla. Ndiyo maana tunawasumbua wanachama kila mwezi kuhusu kadi za kazi, karatasi za mshahara na majina sahihi katika orodha ya mfuko wa jamii. Wengine hucheka wakisema ni mambo ya makarani.

Kuna uchungu katika hesabu hii, nasi hatuupaki sukari. Hesabu huanza na mshahara ambao marehemu alikuwa nao, si ule aliokuwa akiudai alipouawa. Watu wa Marikana waliondoka chini ya ardhi wakisema mshahara ni mdogo. Walipokufa, udogo ule ule ukawa mwanzo wa kukadiria walichokuwa wakiwapa watoto wao. Mkurugenzi akiuawa kwa kosa la polisi, familia yake hupata mara nyingi zaidi, kwa sheria ile ile. Kwa sababu hiyo familia hazikuridhika na riziki iliyopotea peke yake, zikadai na malipo ya maumivu, ambayo hayapimwi kwa kipande cha mshahara.

Siku za kwanza

Shauri la madai hushindwa au kushinda katika wiki ya kwanza, wakati familia bado inapokea rambirambi. Tawi ndilo linalopaswa kuwa na kichwa kilichotulia.

Maiti isizikwe kabla ya daktari kuifanyia uchunguzi, na ikiwezekana awepo daktari wa upande wa familia. Tundu la risasi linaeleza aliyepigwa alikuwa ameelekea wapi. Marikana baadhi yao walipigwa kwa nyuma, na mtu anayepigwa mgongoni ni vigumu kusema alikuwa anashambulia. Wapo wenye desturi ya kuzika siku ile ile, nasi twaiheshimu, lakini shehe na padri wenyewe tumewasikia wakikubali kungoja pale wanapoelezwa sababu. Nakala ya taarifa ya daktari ichukuliwe, pamoja na cheti cha kifo. Mahali pa tukio papigwe picha mapema, kabla ya mvua na kabla ya kufagiliwa, na kila picha ijulikane nani aliipiga na saa ngapi. Siku hizi kila kijana ana simu yenye kamera. Asiifute picha, asiirekebishe, aitunze na nakala yake ikae kwa mtu mwingine. Maganda ya risasi mkiyaona yapigeni picha yalipo, msiyaokote kuyaweka mfukoni, maana yakishatoka mahali pake hayasemi tena. Mashahidi waandikwe majina wakiwa bado wanakumbuka, kila mmoja kwa maneno yake mwenyewe. Mashahidi 10 wenye maneno yanayofanana kama wimbo wa shule huaminika kidogo kuliko 2 wanaotofautiana katika vitu vidogo.

Pia waangalieni wageni wanaoleta jeneza na bahasha. Msaada wa mazishi upokelewe kwa shukrani, lakini mjane asitie sahihi wala dole gumba kwenye karatasi ambayo wakili au katibu wa tawi hajaisoma. Mara nyingi chini ya maneno ya pole huwa kuna mstari unaosema kwamba familia imelipwa yote na haina madai zaidi.

Mgomo kutokuwa halali hakuifungi familia mdomo. Sheria ya kazi inaweza kumfukuza mgomaji kazini; haimwondolei haki ya kuishi.

Kwetu muda ni mfupi zaidi

Tulisema tutarudi nyumbani. Kenya, anayeidai serikali kwa kosa la namna hii amepewa miezi 12 tu. Uganda ni miaka 2. Tanzania serikali lazima ipewe taarifa ya siku 90 kabla ya kushitakiwa, na Mwanasheria Mkuu aunganishwe katika shauri. Asiyetoa taarifa hurudishwa mlangoni. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 inaruhusu pia njia ya kudai haki ya kuishi iliyovunjwa, na mahakama inaweza kuamuru fidia kwa njia hiyo, lakini anayechelewa bila sababu hatazamwi kwa jicho zuri. Kenya ina pia mamlaka huru ya kuchunguza polisi, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2011. Kupeleka malalamiko huko ni vyema, ila hakusimamishi saa ya mahakama. Uganda sheria ya mwaka 2019 imekwenda mbele hatua moja: mtumishi wa serikali aliyevunja haki anaweza kuamriwa kulipa sehemu ya fidia kutoka mfukoni mwake. Tunaipenda sheria hiyo, kwa kuwa kwingine kote anayelipa ni mlipa kodi, na afisa aliyetoa amri anapanda cheo.

Na kushinda bado si kupokea. Katika nchi zote tatu huwezi kumtuma dalali wa mahakama akakamate gari la polisi ili liuzwe. Unapewa hati ya kuthibitisha deni, unaipeleka wizarani, unangoja. Wapo waliongoja miaka. Wakili anayemwahidi mjane fedha kabla ya sikukuu anamdanganya.

Aliyewaita polisi je?

Limebaki swali ambalo wanachama huliuliza kwa sauti ya chini. Polisi hawakuja wenyewe. Waliitwa na kampuni, wakala chakula cha kampuni, wakapanda magari ya kampuni. Kampuni haidaiwi?

Inaweza kudaiwa, kama kuna ushahidi kwamba ilishiriki. Mfano ulio karibu nasi zaidi ni mgodi wa dhahabu wa North Mara, wilaya ya Tarime, Tanzania. Polisi walilinda mgodi ule kwa mapatano na kampuni. Tarehe 16 Mei 2011 polisi waliwapiga risasi wanakijiji walioingia mgodini kuokota mawe yenye dhahabu, na watu wasiopungua 5 wakafa. Mwaka 2013 wanakijiji walifungua shauri London, katika Mahakama Kuu ya Uingereza, dhidi ya African Barrick Gold, kampuni iliyosajiliwa huko, wakidai kwamba iliwajibika kwa kuwatumia polisi waliojulikana kwa kupiga risasi. Kampuni ilikana. Mwaka 2015 pande mbili zilipatana nje ya mahakama, bila kampuni kukiri kosa, na kiasi kilicholipwa hakikutangazwa.

Mapatano ya namna hiyo humpa mjane mkate, na hatuna haki ya kumwambia aukatae. Lakini kwa wafanyakazi wengine yanaacha giza, kwa kuwa hakuna hukumu iliyoandikwa ambayo mwingine ataishika kesho aseme, tazameni, jaji alisema hivi.

Mwaka 2022 wanakijiji wengine wa eneo lile walikwenda Canada, jimbo la Ontario, kuidai Barrick Gold yenyewe, kampuni mama, kwa vifo na majeraha ya miaka ya karibuni. Novemba 2024 mahakama ya huko iliamua kwamba shauri hilo halikuwa na mahali pake Ontario, na kwamba mahali panapofaa kulisikiliza ni Tanzania. Maneno hayo matawi yetu yayasome mara mbili. Jaji wa mbali ametazama mahakama za Tanzania akasema zinatosha kulibeba shauri la raia maskini dhidi ya mgodi na polisi kwa pamoja. Wakili wa kampuni yo yote atakayesimama kesho Musoma au Dar es Salaam kusema kwamba shauri la namna hiyo haliwezekani hapa, atakuwa anapingana na yale yaliyosemwa Ontario kwa manufaa ya kampuni. Katika toleo lijalo tutaeleza jinsi familia isiyo na fedha inavyoomba msaada wa wakili katika kila moja ya nchi hizi, na karatasi zipi zipelekwe siku ya kwanza.